Presha Si Mawazo: Dhana Potofu Kuhusu Msongo, Homoni na Mwili

Kiswahili kina neno moja, presha, tunalolitumia kwa mambo mawili. Mtu akibanwa na kazi tunasema ana presha. Mtu akifungwa mpira mkononi na mashine ikasoma 170 kwa 100, huyo naye tunasema ana presha. Kwa kuwa neno ni moja, wengi wanaamini hata ugonjwa ni mmoja, kwamba presha inaletwa na mawazo na mawazo yakiisha nayo inaondoka. Ndiyo maana utamsikia mtu aliyeandikiwa dawa za kila siku akisema, "Nimeziacha, siku hizi nimetulia, sina mawazo."

Naanza na dhana hii kwa sababu katika zote ndiyo inayoua. Ni kweli msongo hupandisha shinikizo la damu. Moyo unaenda mbio, mishipa inabana, namba zinapanda, na jambo likipita zinashuka. Ugonjwa wa shinikizo la juu ni kitu kingine. Namba zinabaki 140 kwa 90 au zaidi hata ukiwa umekaa kitako huna wasiwasi wowote, tena ukipimwa siku tofauti. Nyuma yake kuna umri, ukoo, chumvi, uzito, pombe na figo. Msongo wa muda mrefu unaweza kuchangia, lakini mtu mpole kuliko wote katika ukoo anaweza kuwa nao na asijue. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu takriban bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu, na karibu nusu yao hawana habari. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi, wala hausubiri mtu awe na mawazo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mimi niliwahi kupimwa nikiwa nimetoka kupanda ngazi mbio, mkono unaning'inia, huku najibu maswali, nikaambiwa papo hapo nina presha. Kipimo cha haki kinataka ukae kimya kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, mkono umewekwa usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Kuongea tu kunatosha kupandisha namba.

"Stresi ni mambo ya kichwani tu"

Hebu mfuate mtu anayevuka barabara, gari likafunga breki hatua mbili kutoka miguuni pake. Kabla hajajua ni gari la rangi gani, neva zimeshafikisha habari kwenye tezi za adrenali, zile tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Zinamwaga homoni ya adrenalini, mjumbe anayesafiri kwenye damu. Moyo unapiga kwa nguvu, mboni za macho zinatanuka, ini linatoa sukari na kuiingiza kwenye damu, mishipa ya tumboni inabana ili damu iende kwenye misuli. Mate yanakauka. Hata damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda, kana kwamba mwili unajiandaa kwa jeraha. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, aliuelezea mpangilio huu kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia.

Gari limekwenda zake. Yule mtu amefika ng'ambo, lakini ukimtazama mikono bado inatetemeka. Adrenalini haikai sana kwenye damu, kila baada ya dakika mbili tatu hivi nusu yake inakuwa imeondoka. Kuna mjumbe wa pili, ambaye hana haraka. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaituma taarifa kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari nayo inazituma adrenali, na adrenali zinatoa homoni ya kotisoli. Kilele chake kinafika dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, wakati mhusika ameshakaa na anawasimulia wenzake jinsi alivyoponea chupuchupu. Kotisoli inaliamuru ini litengeneze sukari zaidi, inapunguza kasi ya shughuli zinazoweza kungoja, kama vile ukuaji na uzazi, na inazuia uvimbe usizidi. Kisha inarudi kwenye ubongo na kuuambia, basi, inatosha.

Hilo neno "basi" ndilo roho ya habari yote. Gari hupita. Deni halipiti, wala mgonjwa wa kuuguza nyumbani, wala mkubwa wa kazi anayekufokea kila asubuhi. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya dakika unatumika kwa miezi, na breki yake inaanza kuteleza. Hapo ndipo sukari ya mwenye kisukari inapogoma kushuka ingawa hajabadilisha chakula, usingizi unakatika, na mafuta yanapenda kukaa kiunoni.

"Kotisoli ni sumu, inabidi ishushwe"

Siku hizi kotisoli imegeuzwa adui. Kuna vinywaji vya kuishusha, vidonge vya kuishusha, na video zinazokufundisha kuisoma usoni kwa mtu. Ukweli ni kwamba bila kotisoli huamki kitandani. Kila alfajiri inapanda yenyewe, inaongezeka zaidi katika nusu saa ya kwanza baada ya kufumbua macho, kisha inashuka polepole mchana kutwa hadi inafika chini kabisa karibu na usiku wa manane. Ndiyo maana mtu aliyepimwa kotisoli mara moja, saa yoyote ile, akaambiwa "iko juu", hajaambiwa kitu. Juu kulinganisha na saa ngapi?

Anayetaka kujua mwili bila kotisoli unakuwaje asome habari za ugonjwa aliouelezea daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855. Tezi za adrenali zimeharibika, mgonjwa anakonda, anachoka, anatamani chumvi, anapata kizunguzungu akisimama, na ngozi yake inakuwa nyeusi zaidi hata mahali pasipofikiwa na jua. Homa ya kawaida au ajali ndogo inaweza kumuua asipoongezewa dawa ya homoni. Upande wa pili kuna ugonjwa wa Cushing, ambapo kotisoli ni nyingi mno: uso unaviringika kama mwezi, misuli ya mapaja inalegea, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu. Huu una chanzo chake, uvimbe kwenye pituitari, na hali ya aina hiyohiyo huwapata waliotumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, zinazofanya kazi kama kotisoli. Uso wa mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu badala ya saa nane si ugonjwa wa Cushing, hata video iseme nini.

"Tezi zangu za adrenali zimechoka"

Hii inapendwa kwa sababu inaeleweka. Umehangaika miaka, tezi imetoa kotisoli mpaka ikaishiwa, sasa umechoka. Inaingia akilini kama betri ya simu. Lakini adrenali si betri. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazili walipitia tafiti zilizokuwa zikitajwa kuunga mkono ugonjwa huu, na hawakupata ushahidi kwamba upo. Vyama vya madaktari wa homoni navyo haviutambui.

Mtu aliyechoka amechoka kweli, sibishi. Anaweza kuwa na upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, kisukari, sonona, au anakata pumzi usingizini bila kujua. Yote hayo yana vipimo na matibabu. Akijiambia ni tezi zimechoka, anaishia kununua virutubisho. Kuhusu hivyo, watafiti wa Marekani walipima bidhaa 12 zilizouzwa kwa ajili ya kutegemeza adrenali, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Zote 12 zilikuwa na homoni ya tezi ya shingo ndani yake, na saba zilikuwa na homoni ya steroidi angalau moja. Mnunuzi anajisikia ana nguvu, na si ajabu, amemeza homoni bila kuambiwa.

Kuna watu ambao adrenali zao hulala kweli: waliotumia vidonge vya steroidi kama prednisoloni kwa wiki nyingi. Tezi inaona kazi inafanywa na kidonge, inaacha kufanya. Ndiyo sababu dawa hizo hupunguzwa kidogo kidogo, na kuziacha ghafla ni hatari.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo"

Dhana hii ina historia ya kuvutia, kwa sababu ilianza maabara. Mwaka 1936 Hans Selye, mwanasayansi kijana aliyekuwa Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia tofautitofauti, baridi, majeraha, mazoezi ya kupindukia, sumu kidogo, na kila alipowapasua alikuta mambo matatu yaleyale: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi na ogani nyingine za kinga zimesinyaa, na tumbo lina vidonda. Humo ndimo dhana ya kisayansi ya msongo ilipozaliwa, na vidonda vya tumbo vikaambatana nayo tangu siku ya kwanza. Kwa miaka mingi mgonjwa wa vidonda aliambiwa apunguze hasira na anywe maziwa.

Kisha wakaja Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, waliokuta bakteria wa umbo la kizibuo kwenye matumbo ya wagonjwa. Watu hawakuwaamini, maana ilidhaniwa hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao kwenye kikombe akawanywa. Siku chache baadaye alikuwa anatapika na pumzi inanuka, na kamera iliyoshushwa tumboni ikaonyesha ukuta wa tumbo umevimba na kuwa mwekundu. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo inajulikana kuwa vidonda vingi hutokana na bakteria huyo, Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Bakteria anatibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa wiki mbili hivi.

Je, basi mawazo hayahusiki kabisa? Hapa waliosahihisha dhana ya kwanza walizaa nyingine. Karibu nusu ya watu duniani wamebeba bakteria huyo na wengi wao hawapati kidonda maishani. Baada ya tetemeko la ardhi lililopiga eneo la Kobe, Japani, mwaka 1995, vidonda vinavyovuja damu viliongezeka. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2015 nao ulionyesha kuwa wenye msongo mkubwa walipata vidonda zaidi, wawe na bakteria au wasiwe nao. Kwa hiyo msongo ni kama upepo kwenye moto, lakini kiberiti mara nyingi kimewashwa na mwingine. Kama umeambiwa una vidonda na hujapimwa bakteria, kaulizie kipimo hicho kabla ya kwenda kutafuta utulivu.

"Stresi ni ugonjwa wa wakubwa"

Tunamwonea huruma mkurugenzi mwenye simu tatu. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watafiti walifuatilia wanaume takriban 18,000 walioajiriwa serikalini mjini London. Hawa hawakuwa mafukara, wote walikuwa na ajira ya kudumu. Baada ya miaka kumi, wa daraja la chini kabisa, kama tarishi na mabawabu, walikuwa wamekufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa daraja la juu. Sigara, presha na mafuta ya damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Tafiti zilizofuata ziliinyoshea kidole hali ya kubebeshwa kazi nyingi huku huna kauli juu ya namna ya kuifanya. Mkurugenzi anahangaika, lakini yeye ndiye anayeamua kikao kianze saa ngapi.

"Tulia tu, utashika mimba"

Hili linaniudhi, na nitasema kwa nini. Kuna ukweli nusu ndani yake. Ubongo ukiona mwili uko kwenye shida kubwa, kama njaa, mazoezi makali mno au mfadhaiko mzito, unaweza kupunguza ishara zinazoamsha ovari, na hedhi ikachelewa au ikakatika kwa miezi. Mwenye hali hiyo amwone daktari, kwani mifupa nayo inaumia homoni ya estrojeni ikiwa chini kwa muda mrefu.

Ila mwanamke anayepata hedhi kila mwezi, ambaye mirija yake huenda imeziba au mumewe hajapimwa hata mara moja, anaambiwa na mawifi kwamba anawaza sana. Mwaka 2011 tafiti 14 zilizohusu wanawake 3,583 waliokuwa wakipandikiziwa mimba kwa njia ya maabara ziliunganishwa pamoja. Wasiwasi na huzuni walivyokuwa navyo kabla ya kuanza havikuonyesha tofauti kati ya waliofanikiwa na walioshindwa. Wasiwasi wake ni tokeo la kungoja, si kizuizi cha mimba. Kumwambia atulie ni kumpa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Saratani nayo iko kwenye kapu hilohilo. Mwaka 2013 takwimu za watu wa Ulaya zaidi ya 116,000 zilipochambuliwa, msongo wa kazini haukuonekana kuongeza saratani ya matiti, mapafu, utumbo mpana wala tezi dume. Mgonjwa asijilaumu kwamba alijiletea kwa kuwaza.

"Alilala na nywele nyeusi, akaamka na mvi"

Haiwezekani kwa usiku mmoja. Nywele iliyokwisha kutoka kichwani ni kitu kilichokufa, haibadilishi rangi, na inayoota inarefuka kama sentimita moja kwa mwezi. Lakini wahenga hawakukosea sana. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba neva za hofu zinamwaga noradrenalini, ndugu wa adrenalini, kwenye mizizi ya manyoya, na chembe asili zinazozalisha rangi ya manyoya zinatumika zote mpaka zinakwisha. Kunyonyoka ni habari nyingine. Baada ya msiba, homa kali au uzazi, nywele hutoka kwa mafungu miezi miwili mitatu baadaye, wakati mtu ameshasahau sababu na anailaumu sabuni. Mara nyingi zinarudi zenyewe.

"Kihoro hakiui"

Kinaua, ingawa mara chache. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa moyo ambao ncha ya moyo hupooza na kutuna ghafla, mara nyingi baada ya msiba au mshtuko, bila mshipa wa moyo kuziba. Picha ya moyo ilifanana na chungu cha kunasia pweza, wakauita kwa jina la chungu hicho, takotsubo. Inadhaniwa kuwa ni gharika ya adrenalini na jamaa zake inayousomba moyo. Wagonjwa wengi ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na wengi hupona ndani ya wiki chache. Dalili zake hazitofautiani na za shambulio la kawaida la moyo, kwa hiyo mfiwa anayeshika kifua asiambiwe ni uchungu wa msiba tu. Apelekwe hospitali.

"Mafua ni mafua, kidonda ni kidonda"

Kwa upande huu tunaupunguzia msongo makosa yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, watu 394 wenye afya walijitolea kudondoshewa virusi vya mafua puani. Miongoni mwa waliokuwa na msongo mdogo kabisa, asilimia 27 waliugua. Miongoni mwa waliolemewa zaidi, asilimia 47. Virusi walipewa wote.

Ule wa 1995 ndio hunikaa zaidi akilini. Wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu walitobolewa kidonda kidogo kwenye mkono, milimita 3.5, upana wa punje ya dengu ndogo. Wenzao 13 wa rika lao wasio na mgonjwa walitobolewa vivyo hivyo. Vidonda vya hawa vilifunga kwa wastani wa siku 39. Vya wauguzaji vilichukua karibu siku 49. Siku tisa na zaidi, kwa kitundu kama hicho.

"Sigara inanituliza"

Nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kupandisha adrenalini, mapigo ya moyo na presha. Anachokiita mvutaji utulivu ni kukoma kwa kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Tafiti 26 zilizokusanywa mwaka 2014 zilionyesha kuwa walioacha walikuwa na wasiwasi na msongo mdogo zaidi kuliko walioendelea. Pombe ina hila yake. Inakulaza upesi, kisha saa chache baadaye, mwili ukishaivunjavunja, inakuamsha, moyo unakwenda mbio na shuka limelowa jasho, alfajiri bado iko mbali.